Insha kidato cha nne: zimebaki wiki 14, nianzie wapi na hawa walio chini ya 30?

Mwl_Mufindi

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha Kiswahili shule ya kata huku Mufindi, kidato cha nne wako 68. Kwenye moko (mtihani wa majaribio), 23 wamepata chini ya 30, yaani F. Sehemu ya kuchagua majibu wanajikokota, lakini ikifika insha na fasihi mtu anaandika mistari minane anaweka kalamu chini. Wengine wanajaza kurasa mbili, hoja ni ile ile inazunguka. Mpaka mtihani wa taifa wa Novemba nina vipindi viwili vya ziada kwa wiki pamoja na prepo ya jioni (muda wa kujisomea). Nimewaza niwape insha 10 za mfano wakariri. Mnaonaje?

Kalamu_Tukuyu

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuwafundisha lolote, watenge. Wape swali moja, dakika 20, aya mbili tu. Usitoe alama. Gawa karatasi mafungu matatu: wasioelewa swali, walioelewa ila hawana cha kusema, na wenye hoja ambazo lugha inazificha. Dawa ya fungu moja haitibu jingine.

Fungu la kwanza shida yao ni kitenzi cha swali. Ameambiwa "orodhesha", anaeleza ukurasa mzima. Ameambiwa "jadili", anaorodhesha. Kwenye fasihi ndiko wanakoumia zaidi: swali linataka hoja tatu kutoka kila kitabu, vitabu viwili, yeye anatoa sita za kitabu kimoja. Nusu ya alama za hoja imekwenda hata kama kaandika vizuri. Chukua maswali 15 ya mitihani iliyopita, wasiyajibu. Wapigie mstari kitenzi, idadi ya hoja na mipaka (vitabu vingapi, maneno mangapi). Dakika 10 kila mwanzo wa kipindi zinatosha.

Fungu la pili wafundishe aya ya sentensi nne: hoja, sababu, mfano, kisha kurudi kwenye swali. Hivi:

"Kilimo cha parachichi kinaongeza kipato cha familia. Mti ukishaanza kuzaa, huvunwa kila mwaka bila kupanda upya. Kwa mfano, mkulima wa Rungwe mwenye miti michache nyuma ya nyumba hupata fedha za sare na madaftari bila kuuza ng'ombe. Kwa hiyo zao hili huchangia kupunguza umaskini."

Hayo ni maneno 43. Aya tano kama hiyo ni 215, weka utangulizi wa 35 na hitimisho la 35, umefika 285. Insha ikidai maneno 250 hadi 300, umemaliza kazi. Mwanafunzi akiiona hesabu hii, hofu ya "kurasa" inapungua.

Na mada waanze na wanazozijua: chai, mbao, viazi, baridi ya Juni. Utandawazi usubiri. Huwezi kumfundisha mtu kujenga aya na papo hapo kumtafutia cha kusema.

BintiNjombe

Naunga mkono, ila kwenye kukariri niseme wazi: hapana. Swali likibadilika neno moja, "faida" ikawa "changamoto", aliyekariri anamwaga zile faida zake zote na anatoka na tabasamu. Insha nzuri isiyojibu swali haimsaidii.

Kinachofaa kukaririwa ni umbo, hasa la barua rasmi: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, wito, kichwa kinachoanza na YAH (yahusu), kiini, kimalizio, saini, jina. Alama za umbo hazidai kipaji, lakini zinapotea kila mwaka kwa sababu mtu kasahau tarehe, au kaanza na "natumaini u mzima" kama anamwandikia shangazi. Swali likitoa jina na anwani vya kutumia, atumie hivyo hivyo, asiweke vyake.

Pia pakua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA). Zina vielelezo vya majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Toa fotokopi ya jibu bovu moja, wanafunzi walitengeneze wawili wawili. Wanajifunza zaidi hapo kuliko kwenye insha iliyokamilika.

Mwl_Mufindi

Asanteni sana, insha 10 nimeziweka kando. Sasa hilo fungu la tatu? Kuchanganya R na L huku ni balaa, na madaftari 68 ya kusahihisha yananimaliza.

Sarufi_Iringa

Usisahihishe kila kitu. Daftari likijaa wino mwekundu, mwanafunzi dhaifu haoni kosa, anaona hukumu. Wiki moja, kosa moja. Kusanya aya moja tu. Kwa dakika moja na nusu kila aya, 68 zinakwisha chini ya saa mbili. Usimwandikie jibu sahihi. Weka herufi pembeni mwa mstari: T kwa tahajia, U kwa upatanisho ("kitabu hii"), M kwa maneno yaliyounganishwa au kutenganishwa vibaya ("kwasababu", "ana soma"). Kosa alitafute mwenyewe.

Kuhusu R na L, lugha nyingi za nyumbani huku hazitenganishi sauti hizo, kwa hiyo sikio lake halimsaidii. Imla peke yake itamchosha bure. Tumia macho. Bandika ukutani jozi zinazobadili maana: kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu. Ongeza maneno 40 anayoyatumia kila insha, ayanakili kwenye kurasa za nyuma za daftari, na adhibitiwe kwa hayo tu. "Alafu" na "ambae" ziingie humo humo, pamoja na vifupisho vya simu.

Karatasi ni ya saa tatu. Insha isizidi dakika 35: 5 za kupanga hoja, 25 za kuandika, 5 za kusoma kwa kidole neno kwa neno. Wanaoishia mistari minane wengi wameruka zile 5 za kwanza.

Na wale wanaokosea hata wakinakili kutoka ubaoni, wahamishie dawati la mbele kwanza uone. Baadhi yao shida ni macho.