Programu za sayansi za kiangazi vyuoni Marekani: binti anayelelewa na baba mdogo anaingiaje?

BabaMdogo_Ohio:

Wakuu, salaam. Ninaishi na binti wa marehemu kaka yangu, darasa la 10 hapa Ohio. Wazazi wake wote wametangulia, na hakuna aliyefika chuo kikuu. Amekulia kambi ya Nyarugusu, akasoma kwa Kifaransa kwa mtaala wa Kongo. Tulikuja kama wakimbizi, bado anatumia I-94 (hati ya kuingia nchini), green card hatujamwombea. Hesabu na kemia anazimudu, Kiingereza ndicho kinamtoa jasho. Mwalimu wake katuambia kuna programu za vyuo vikuu wakati wa kiangazi kwa watoto wa kipato cha chini na jamii za wachache. Sasa: (a) mimi nina shahada, inamharibia? (b) mimi na mke wangu tuko ghalani wote wawili, 2024 tuliingiza kama dola 75,000, nyumbani tuko sita, si tumezidi? (c) imekuja barua kwamba "ameteuliwa" kwenda kambi ya sayansi ya siku tisa, ada dola 4,000. Tulipe?

DadaFomu:

Pole na hongera kwa malezi, kaka. Naanza na (c): usilipe. Barua hizo hutumwa kwa watoto wengi mno kutoka kwenye orodha za majina zinazonunuliwa. Mara nyingi kampuni imekodi tu mabweni ya chuo chenye jina, na chuo chenyewe hakina mkono kwenye masomo wala udahili. Programu za kweli za watoto wa kipato cha chini hazitozi ada. MITES, programu ya sayansi ya kiangazi ya chuo cha MIT, ni wiki sita, malazi na chakula juu yao, familia inabeba nauli.

Unachotafuta wewe kwanza ni Upward Bound Math-Science. Ni ya serikali kuu, chini ya TRIO (kundi la programu za kuwasaidia wanafunzi wa kipato cha chini kufika chuo), ila inaendeshwa na vyuo: kiangazi wiki sita za masomo kila siku, na msaada wa masomo mwaka mzima. Si kambi ya kwenda mara moja ukarudi. Mtoto huingia darasa la 9 au la 10 akaendelea hadi amalize shule, kwa hiyo akifika la 11 atakuwa kachelewa sehemu nyingi.

Shahada yako: sheria inaangalia mzazi aliyemzaa au aliyemwasili kisheria. Mlezi hahesabiwi, hata awe na PhD. Ila kama umemwasili mahakamani, hapo yako inaingia. Watu hujifunga wenyewe kwenye fomu: kisanduku kinauliza elimu ya "mzazi/mlezi", mlezi anatiki shahada, mtoto anahesabiwa kwamba wazazi wamesoma. Tiki elimu ya wazazi wake, halafu pembeni andika kwamba wewe ni mlezi, hujamwasili.

Kipato nacho watu hukosea. Hawaangalii mshahara wote, wanaangalia kipato kinachotozwa kodi: mstari wa 15 wa Fomu 1040, ile ya marejesho ya kodi. Kama mlijaza pamoja kwa 2024, makato ya kawaida yalikuwa dola 29,200. Toa kwenye 75,000, inabaki 45,800. Kikomo cha TRIO ni asilimia 150 ya mstari wa umaskini, na kwa jedwali la 2025 familia ya watu sita ni 64,725. Hamjazidi hata kidogo. Ushahidi unaweza kuwa nakala ya marejesho ya kodi yenye sahihi, au maelezo ya kipato yaliyotiwa sahihi na mlezi.

Theluthi mbili ya nafasi ni lazima ziende kwa wanaotimiza vyote viwili, kipato na wazazi wasio na shahada. Binti yako yuko kundi hilo, liseme wazi.

I-94 inakubalika, kwa sababu mkimbizi hayuko nchini kwa muda mfupi na njia yake ni ya ukaazi wa kudumu. MITES ndiyo inataka uraia au green card, na huombwa ukiwa darasa la 11. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba green card baada ya mwaka mmoja nchini, sasa mnasubiri nini?

mwalimu_maabara:

Fomu ni nusu ya safari. Kwa aliyesoma mfumo wa Kifaransa, shughulikieni alama ya desimali kabla ya mtihani wa kumpanga darasa. Yeye kazoea 3,5. Hapa ni 3.5. Mbaya zaidi ni 1,250: hapa ni elfu moja mia mbili hamsini, yeye anasoma moja na robo. Mtoto anayejua hesabu vizuri kabisa anapangwa darasa la chini, wiki sita zinapita akirudia sehemu na asilimia. Ampe mtihani huo mtu anayejua hilo, au aandike juu ya karatasi amezoea mfumo gani. Aongeze inchi, pauni na Farenhaiti, jioni mbili zinatosha.

Maabara: karibu kila programu ya baiolojia itampa maikropipeti, kifaa cha kuvuta vipimo vidogo sana vya kimiminika. Kitufe kina vituo viwili. Unavuta kwa kituo cha kwanza, unamwaga hadi cha pili. Wageni hubonyeza mpaka mwisho kabla ya kuvuta, wanachukua zaidi ya kipimo na jaribio zima linaharibika kimyakimya, maana kwa macho huoni tofauti. Na tarakimu: "150" kwenye pipeti ya P20 (mwisho maikrolita 20) ni maikrolita 15.0, kwenye P200 ni 150. Tarakimu zilezile, tofauti mara kumi.

Halafu jeli ya kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme. Ya asilimia 1 ni gramu 0.5 za agarosi (unga wa kutengenezea jeli) kwa mililita 50 za bafa (maji yenye chumvi maalumu). DNA ina chaji hasi, hukimbilia upande chanya, waya mwekundu. Vishimo vya kuwekea sampuli viwe upande wa waya mweusi. Ukigeuza nyaya, DNA inatoka nje ya jeli kwa nyuma na hakuna cha kusoma. Kosa jingine ni kuchomeka ncha ya pipeti hadi sakafu ya kishimo, sampuli inavuja chini. Hata asipowahi kushika pipeti, akiyajua haya kabla hatasimama pembeni kuwaangalia wenzake wa shule za pesa. Kusimama pembeni ndiko kunakowaangusha wengi, kuliko Kiingereza.

Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, nywele zifungwe. Hijabu haina shida, ncha zake zichomekwe ndani ya koti.

KichwaNgumu:

Mimi naongeza yasiyopendeza. Posho ya kawaida ya Upward Bound kwa kiangazi haizidi dola 60 kwa mwezi. Kama nyumbani mnategemea mshahara wa binti wa Juni na Julai, jueni mnaukosa. Kaeni mzungumze mapema, asije akaondoka wiki ya tatu.

Neno "wachache" msilikalie. MIT iliifungua MITES kwa wote 2003. Meyerhoff, programu ya ufadhili wa sayansi ya chuo cha UMBC kule Maryland, ilianza 1988 kwa vijana weusi, ikafunguliwa kwa wote 1996. Na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 29, 2023, iliyozuia vyuo kuangalia rangi kwenye udahili, imezifanya programu nyingi zibadilishe lugha. Upward Bound yenyewe huangalia kipato na elimu ya wazazi. Kwenye insha aeleze swali la sayansi linalomkera na alichofanya kulitafutia jibu. Maisha ya kambi ya wakimbizi yawe sentensi mbili tatu. Wasomaji wa maombi hawatoi nafasi kwa huruma.

Jingine: pendekezo la bajeti la Ikulu la 2025 lilitaka TRIO ifutwe kabisa, na baadhi ya miradi ilinyimwa fedha. Pigeni simu kwanza muulize kama mradi wa eneo lenu uko hai na kama shule yake imo kwenye orodha ya shule wanazohudumia.

BabaMdogo_Ohio:

Nimewaelewa, Mungu awabariki. Karatasi ya mahakama ya ulezi sina, tuna ile ya shirika lililotupokea tu. Inatosha?

DadaFomu:

Kwa maombi, mara nyingi inapita. Kwa kulala bwenini, hapana. Kuna fomu ya ruhusa ya matibabu, na hospitali inataka sahihi ya mwenye mamlaka kisheria. Bila hiyo chuo hakimpi chumba. Nenda mahakama inayoshughulikia ulezi kwenye kaunti yenu, ombeni ulezi, siyo kuasili. Anzeni sasa, usisubiri barua ya kukubaliwa. Na daftari la chanjo alilopewa kabla ya safari lipelekwe kliniki likaingizwe kwenye fomu yao, maana hawapokei lile lenyewe.

Umri nao: wanachukua miaka 13 hadi 19. Kama karatasi zake zinasema Januari 1, kama za wakimbizi wengi, hesabu kwa tarehe hiyo, siyo ile mnayoijua nyumbani.