Mafundi wa Mwanza, acheni kutupa makava ya turbo! Gari yangu inaungua kwa ajili yenu

Wakuu, naandika mikono bado ina oili. Leo asubuhi nimefungua boneti ya Subaru Forester yangu, toleo la SG5 lenye turbo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), nikashika kimpira cha vakyumu kinachopita karibu na turbo kikanivunjikia vidoleni. Hakikupinda. Kimekatika kau, kama dagaa aliyeanikwa siku tatu pale Igombe. Waya wa jirani yake ganda limeyeyuka mpaka shaba inaonekana. Miezi mitano iliyopita vitu hivi vilikuwa vizima kabisa.

Tatizo la mwanzo lilikuwa dogo. Nikikwama foleni ya Buzuruga mchana wa jua kali, nikitoka pale gari inakuwa nzito dakika mbili tatu, halafu inarudi. Sasa hivi najua kwa nini: intakula ya gari hii, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, imelala juu ya injini, ukisimama hakuna upepo unaoingia kwenye tundu la boneti, joto linapanda linaikalia. Ukianza kutembea inapoa. Wakati ule sikujua, nikaipeleka gereji moja upande wa Nyakato.

Fundi hata hakuuliza maswali mawili. Akagonga lile bati linalofunika turbo, akasema, "Bosi, hili ndilo linabana joto. Wajapani wanaliweka kwa sababu ya baridi ya kwao." Akalitoa. Akatoa na kava la plastiki la chini ya injini. Akachomoa mpira unaoziba kati ya intakula na boneti. Akamalizia kwa kuweka washa, vile vipete vya chuma vya boliti, kwenye bawaba ili boneti inyanyuke kwa nyuma, joto lipate pa kutokea. Nikalipa laki moja na themanini. Kesho yake nimefuata vitu vyangu, naambiwa vimeshachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Vitu vyangu! Nani aliwaruhusu?

Fundi, moshi unaoingia kwenye turbo ya petroli ukiwa unakanyaga mafuta unaweza kupita nyuzijoto 800. Bati lile linazuia joto hilo lisiruke moja kwa moja kwenye mipira, kwenye waya, na kwenye silinda masta ya breki ambayo kwa magari yetu ya usukani wa kulia iko upande uleule wa turbo. BREKI, jamani. Ni kama jiko la mkaa, huhitaji kuligusa ndipo uso uchomeke. Ukitoa bati hujapoza kitu, chuma kiko moto vilevile, ila sasa majirani zake wote wanabanikwa.

Hizo washa za boneti nimezipima mwenyewe, maana nilichoka kubishana. Nilichukua uzi wa kufumia, nikakata vipande vya urefu wa kidole, nikavibandika kwa selotepu kwenye ukingo wa nyuma wa boneti, mdogo wangu akakaa mbele anarekodi na simu. Gari ikiwa imesimama, vipande vinacheza kuelekea nje, joto linatoka kweli. Tukashika barabara ya Usagara. Tulipofika spidi 80 vipande vyote vikageuka, vikalala kuelekea ndani ya boneti. Upepo ukigonga kioo cha mbele unajazana pale chini yake, unasukuma kuingia. Kwa hiyo barabarani, ninapohitaji joto litoke, ule mwanya unafanya kinyume. Na kwa kuwa boneti imenyanyuka na mpira wa intakula haupo, upepo wa lile tundu la juu unapita pembeni badala ya kupenya kwenye intakula. Nimelipa pesa gari ipungukiwe nguvu zaidi.

Gereji ya pili ndiyo ilitaka kutuua. Huko wakafunga bandeji ya ekzosi, kile kitambaa cha kuzuia joto kinachozungushiwa bomba la moshi. Bandeji yenyewe sina ugomvi nayo, ikifungwa kwenye bomba safi inasaidia. Lakini gasketi ya kava la valvu ilikuwa inavuja, oili inadondokea palepale, fundi akaiona na akafunga juu yake! Bandeji ikanywa oili wiki nzima. Siku napandisha kilima cha Bugando na mama yangu amekaa mbele, moshi ukafumuka kwenye boneti. Mama ana miaka sabini na mbili, magoti hayamsaidii, siku ile alishuka akikimbia. Ile picha haijanitoka.

Hao hao walitoa themostati (valvu inayodhibiti maji kwenda kwenye rejeta) na kujaza maji ya bomba. Joto la maji na joto la chini ya boneti ni mambo mawili. Maji yangu hayakuwahi kuchemka! Na hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, halafu unanitolea kulanti, ile dawa ya rejeta, na kuniwekea mfuniko wa rejeta uliochoka, usioshika mgandamizo?

Nimeshatoa washa, bandeji nimeichana na kuitupa, gasketi nimebadilisha, themostati na kulanti vimerudi. Mpira wa intakula nimeagiza. Nikitoka safari ndefu naiacha iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isiungulie ndani ya turbo.

Kilichobaki ni bati. Natafuta bati halisi la turbo la SG5 na kava la chini, hata lililotumika, mradi halijakatwa. La kuunda kwa bati la paa sitaki. Na kama Mwanza hii kuna fundi anayerudisha kila kava na kila boliti alipoikuta, semeni gereji yake iko wapi, kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwake.