Karavani kuukuu kuwa ofisi ya saiti Mwambani, inafaa au najidanganya?

MchangaWaMwambani:
Habari zenu wakuu. Nina kiwanja changu Mwambani hapa Tanga, msingi naanza masika yakiisha. Sasa kuna jamaa anahama kaniachia karavani lake, yale matrela ya kulala watalii, futi kama 14 hivi, lina vitanda viwili na kisinki, limekaa chini ya mwembe miaka mingi matairi yameshajifia. Nikawaza nilipeleke saiti liwe ofisi, ramani zikae humo, mlinzi alale humo, simenti na vifaa vya fundi humo humo, maana banda la mabati nalo hela na mwisho unalibomoa. Wife anasema naleta skrepa kiwanjani kabla hata ya tofali. Aliyewahi kufanya hivi anipe uzoefu.

Nondo12mm:
Mkuu simenti usithubutu. Mfuko kilo 50, mifuko 20 tu ni tani nzima, na hilo dude limetengenezwa kubeba godoro na sufuria za watu wawili, ekseli moja, sakafu plaiwudi. Mimi nilipanga mifuko 15 upande mmoja, asubuhi nakuta limelala upande kama bodaboda isiyo na stendi, mlango haufungi. Kumbe na paa linavuja kwenye kona, mifuko ya chini ikawa mawe, mafundi wakaifanya viti vya kunywea chai mpaka tunaezeka. Simenti ipe kibanda chake, ikae juu ya mbao, isiguse ukuta, na nunua ya wiki tu. Kiwanda kipo hapo Pongwe, unaihodhi ya nini?

MamaTofali:
Mie nilifanya na sijutii, ila dawa ni kivuli. Bodi lile ni bati tupu, saa saba mchana unaiva humo ndani. Tulisimamisha mirunda sita tukaliezekea makuti kwa juu, tukaacha nafasi kama futi mbili kati ya makuti na paa lake, kusi ikivuma inapita raha na mvua haikuligusa tena. Ndani nikang'oa kitanda kimoja, ramani nikaibandika ukutani ndani ya nailoni, na daftari la kupokea mzigo linaning'inia mlangoni, kalamu imefungwa uzi maana yule fundi wangu kalamu alikuwa anazimeza sijui. Kila tripu ya mchanga dereva anasaini. Hapo ndo nikajua tripu nilizokuwa nalipia na zinazomwagwa ni vitu viwili tofauti!! Ila kaka kabla hujalihamisha kanyaga sakafu yote na uchome bisibisi kwenye kona na chini ya kisinki, ikizama kama kwenye boga ujue pameoza.

KomboWaChumbageni:
Mlinzi alale humo? 😂 Ule msemo wa Tanga waja leo waondoka leo hauwahusu walinzi. Wangu aliingia na begi moja, mwezi wa tatu ana kuku, ana mchicha, ana shemeji yake. Nyumba imeisha nahamia ananiambia bosi hili haliondoki, matairi hayana upepo.

ChasisiNaKutu:
Usilivute kwa matairi hayo, yakishapasukapasuka pembeni hata ukijaza upepo ni kujidanganya, tafuta fuso libebe. Likifika weka tofali za inchi 6 chini ya chasisi, SIO chini ya sakafu, na chasisi yenyewe kwangua upake rangi ya kuzuia kutu maana chumvi ya hapo Mwambani haina huruma. Mtungi wa gesi na mipira yake ya zamani toa vyote. Na kufuli la mlango ule mtoto anafungua kwa kijiko, drili na grenda rudi navyo nyumbani.

MchangaWaMwambani:
Asanteni sana. Leo nimeenda na bisibisi, chini ya kisinki imezama mpaka kwenye mpini, kwingine kugumu, nitakata kipande niweke plaiwudi mpya. Simenti nimewaelewa, mlinzi namtafutia banda lake. Wife kusikia habari ya makuti kageuka, anasema ujenzi ukiisha hilo ni la kwake la kupumzikia jioni na nisipige rangi mpaka achague yeye. Mwenye fundi makuti asiyekimbia na advansi anicheki PM.