Visanduku vya tiki visivyobofyeka kwenye instola: vibaki au vitolewe?

fundi_kodi: Wadau naombeni maoni. Instola yangu (programu ya kusakinisha) kabla haijaanza kukopi mafaili inakagua vitu vinne, .NET (mfumo wa Microsoft ambao programu yangu inautegemea) ipo au haipo, nafasi kwenye diski, haki za admin, na kama toleo la zamani limeshaondolewa. Nimeviweka kama visanduku vinne vya tiki vya kijivu, mtumiaji havigusi, anaangalia tu kipi kimetimia. Mwenzangu kazini anasema nimeharibu, eti kisanduku ni cha kuchagua sio cha kutangazia hali. Mnasemaje?

seva_usiku: Mwenzako kasema kweli. Hata miongozo ya Microsoft inakataza kisanduku kutumika kuonyesha kazi imefika wapi. Mtu akikuta cha kijivu anadhani kuna mahali hajawasha kitu, ataanza kurudi nyuma kutafuta na hakuna cha kutafuta. Weka aikoni na maandishi.

mbofya_next: kwani nani anasoma hayo madirisha jamani, watu ni Next Next Next Finish. Weka kidoti cha kijani mambo yakiwa poa na chekundu yakiwa mabaya, imeisha hiyo, hata mtoto mdogo anajua nyekundu na kijani

rangi_moja: Hilo la mtoto mdogo umelitoa wapi? Mimi mtu mzima, naandika kodi za programu mwaka wa 11 huu, na hiyo nyekundu na kijani yako kwangu yote tope. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni karibu 1 kati ya 12. WCAG, ile miongozo ya kuwezesha wenye ulemavu kutumia wavuti, ilishasema zamani rangi peke yake isibebe ujumbe, ila wewe kusoma sio fani yako, umesema mwenyewe.

mbofya_next: punguza munkari kaka ulikuwa mfano tu. ila tusidanganyane, huwezi kujenga kila kitu kwa ajili ya watu wawili watatu

rangi_moja: 1 kati ya 12 ndo wawili watatu? Kumbe na darasa la hesabu ulibofya Next.

seva_usiku: 😂😂😂 hiyo imeingia

kimya_kimya: Nyie mnagombania rangi, mimi sioni kabisa, natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Hivyo visanduku vyenu vikizimwa kitufe cha Tab kinaviruka, kwangu havipo. Maandishi matupu nayo Tab haiyashiki, nikibahatika yanasomwa dirisha linapofunguka, hali ikibadilika baada ya hapo kimya. Kuna instola moja kitufe cha kuendelea kilikuwa kimezimwa na sababu imeandikwa juu yake kwa kijivu, nikawa nazunguka Back, Cancel, Back, Cancel, kama nusu saa hivi, hadi nikaita mtu aje anisomee. Fundi weka boksi la maandishi la kusoma tu, usilizime, Tab inalifikia, na mtu akipata kosa analikopi anaomba nalo msaada.

mbofya_next: boksi la hivyo watu watajaribu kuandika ndani

kimya_kimya: Si ulisema hakuna anayeangalia? Sasa wa kuandika katoka wapi?

fundi_kodi: Jamani niliuliza visanduku vinne tu 😅 Natumia WiX, zana ya kutengeneza MSI (mafaili ya kusakinisha ya Windows), na kwenye hizo MSI aikoni naweza kuificha au kuionyesha kwa masharti, shida ni maandishi, ukaguzi ukirudiwa dirisha likiwa wazi hayajibadilishi, mpaka utengeneze dirisha pacha uwe unaruka huku na huku.

mzee_wa_amri: Ndo maana nasema dirisha lenyewe litolewe. msiexec /qn, yaani amri ya kusakinisha bila dirisha lolote, na logi (faili la kumbukumbu) pembeni, kazi kwisha. Mambo ya rangi sijui boksi yametoka wapi.

seva_usiku: Mzee kwa kompyuta mia za ofisi sawa. Mtu wa kawaida asiye na haki za admin akipiga /qn inakufa kimyakimya, hata dirisha la kuomba ruhusa halitokei.

kimya_kimya: Afadhali hapo tutakuwa vipofu wote.