Nimehesabiwa "yaani" 41 na mtoto wa gredi ya 6

kijana_wa_mkunguni:
Asalaam aleikum jamani, naomba msaada na msinicheke sana. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Amu (Lamu) na historia naijua, hilo halinisumbui. Juzi nimepata wanafunzi kutoka bara, nikawasimamisha mbele ya Ngome nikaanza, "yaani hii Ngome, eee, yaani ilianza kujengwa 1813, yaani ikaisha 1821, yaani baadaye ikawa jela..." Tulipomaliza katoto kamoja kakanijia na daftari, kamechora vijiti vinne na cha tano kinakata, ukurasa mzima, ati "mwalimu umesema yaani mara 41". Walahi niliona haya. Na mimi sikusikia hata moja! Sasa naachaje kitu nisichokisikia?

mc_malindi:
Pole kakangu 😂😂 Mimi nasherehesha harusi huku Malindi, yangu ilikuwa "sasa". Weka simu mfuko wa shati urekodi kazi nzima, usiku ukae usikilize, utatamani kuizima lakini usiizime. Usihesabu tu, angalia zinatokea wapi. Mimi nilikuta "sasa" zangu karibu zote ziko pale nikipekua makaratasi kutafuta jina la mtu anayefuata, nikaanza kuandika majina yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, zikapungua wiki hiyohiyo. Ulimi nilikuwa nausingizia bure.

babu_wa_barazani:
Mwanangu usizifyeke zote. Yaani tumeitoa kwenye Kiarabu na ina kazi yake, ya kufafanua. Ukimwambia mgeni "hapa ni daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza" hapo imekaa sawasawa. Ile ya kufungulia sentensi ndiyo haina kazi. Na hizo "eee" moja mbili hazina neno, kuna wasomi wa Marekani, Herbert Clark na Jean Fox Tree, waliandika 2002 kwamba "uh" na "um" za Kiingereza humwashiria msikilizaji kuwa msemaji atakawia kidogo.

pwani_254:
Toastmasters, hivi vilabu vya kujifunza kuhutubia vilivyoanzia California 1924, kwenye mikutano yao kuna mtu anapewa kazi ya kuhesabu hizo "ah" za wenzake tu halafu anatoa ripoti mwisho. Tafuta rafiki akufanyie hivyo, ila akwambie MWISHO. Sisi tulijaribu kugonga meza kila mtu akiteleza, msemaji wa kwanza akasahau mpaka mada yake.

kijana_wa_mkunguni:
Shukran sana, shikamoo babu. Nimerekodi jana nikasikiliza, aibu tupu. Zimejaa pale watu wamenikodolea macho kimya, naona kama nikinyamaza wataondoka. Lakini kuna kitu kimenishangaza, kwenye uchochoro amepita punda na mifuko ya simiti, tukajibana ukutani wote, nikanyamaza mpaka apite, kisha nikaeleza ule mlango wa kuchonga mwanzo mpaka mwisho bila yaani hata moja! Na hakuna aliyeondoka. Sasa pale Ngome kuna uwanja mpana, punda wa kuninyamazisha nitamtoa wapi?

mc_malindi:
Beba chupa ya maji. Ukisikia yaani inakuja, piga funda moja 😂