Daraja la kupandia ndege ni mali ya nani? Mama yangu hawezi ngazi, naomba ushauri

BintiWaMakole
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nipo Dodoma na mama yangu mwenye miaka 71. Alivunjika nyonga mwaka juzi. Ndani ya nyumba anatembea kwa kushika ukuta, ila ngazi hawezi hata moja, na kliniki tunakwenda kwa ndege.

Safari iliyopita, uwanja tuliotua (siutaji) ulikuwa na madaraja ya abiria, yale ya kutoka jengoni moja kwa moja hadi mlango wa ndege, nayaona kwa macho, hayana ndege. Sisi tukasimamishwa mbali. Vijana wawili wakambeba mama kwenye ngazi, mmoja kwapani, mwingine miguuni, kanga ikamvuka mbele za watu. Hakusema neno mpaka tulipoingia kwenye teksi, ndipo akalia. Nilipouliza nikajibiwa, "Daraja ni la uwanja, sisi hatujalilipia."

Mwenye daraja ni nani? Nani analipa? Nikitoa hela yangu naweza kulipata?

Mzee wa Kizota
Pole sana binti yangu, mpe mama pole. Nimefanya kazi viwanjani miaka mingi. Hapa kwetu daraja ni sehemu ya jengo. Viwanja vya serikali Tanzania Bara viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, na jengo kama lile la tatu la abiria pale JNIA, uwanja wa Julius Nyerere Dar es Salaam, lililofunguliwa 2019, madaraja yake ni ya uwanja, si ya shirika la ndege. Shirika ndilo hulipia matumizi. Kuna viwanja duniani vinavyotoza kwa kila ndege inayounganishwa, vingine kwa muda, vingine gharama imo ndani ya tozo nyingine. Marekani yapo mashirika yanayomiliki madaraja yao kwenye mageti waliyokodi kwa mkataba mrefu.

Kwa hiyo abiria hana dirisha la kulipia daraja. Usihangaike na hela.

Kijana wa Apron
Niongezee kwa Mzee. Siyo hela tu. Mlipanda ndege gani? Kama ni ile ya mapangaboi, Q400, mlango wake uko chini na ngazi imo mlangoni penyewe, kwa kawaida haiunganishwi na daraja hata yakiwa wazi kumi. Airbus A220 ndiyo inafaa. Na yapo mashirika ya bei nafuu, mfano Ryanair kule Ulaya, yanayokwepa madaraja makusudi ili kupunguza gharama, na abiria washuke na kupanda kwa milango miwili ndege iwahi kuruka tena.

BintiWaMakole
Ilikuwa ya mapangaboi. Kumbe. Basi uwanja mpya wa Msalato hapa Dodoma utatuponya?

Kijana wa Apron
Usitegemee Msalato dada. Ndege ikiwa hiyohiyo, mama atashuka kwa ngazi hiyohiyo. Wewe dai msaada, daraja liache. Ukikata tiketi wanakuandikia alama. WCHR ni mtu anayeweza ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi, lakini ndani ya ndege anajikokota mpaka kitini. WCHC hawezi kabisa, abebwe hadi kitini. Ukisema "naomba kiti mwendo" tu, ni rahisi kuandikiwa ya kwanza, na uwanjani wanaleta kiti bila kitu cha kumshushia.

Mama Zabibu
Mdogo wangu, piga simu siku mbili tatu kabla, usingoje kaunta. Waulize wazi: siku hiyo gari la kuinua abiria lipo, huku na kule? Kama halipo, kile kiti chembamba chenye mikanda kipo? Mimi baba yangu alifungwa mikanda akashuka amekaa wima, heshima yake ipo. Na mama avae suruali ndani ya gauni, kanga peke yake haifai.

Mzee wa Kizota
Hilo la suruali ni la maana sana.

BintiWaMakole
Mrejesho. Nimepiga simu leo asubuhi, nikaomba waangalie ile safari ya mwanzo. Waliandika WCHR. Yaani kwenye karatasi mama yangu alikuwa mtu anayepanda ngazi! Nimewabadilishia, sasa ni WCHS, huku na kule, na wamenitumia kwa maandishi. Kiti cha mikanda wamesema kipo, nitapiga tena Jumanne kuhakikisha. Tunaruka Alhamisi. Suruali nimeshampelekea fundi, Mama Zabibu.