Waliofika Dingle, Ireland, na vijiji vyake: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kila kiangazi naona wenzetu tunaoishi nao hapa Cork wakipanda basi la watalii alfajiri kwenda Dingle. Wanateremka bandarini, wanakula samaki na chipsi, wanapiga picha mbele ya nyumba za rangi, na jioni wamesharudi. Ukiwauliza kukoje, jibu ni moja: "Kazuri, ila kadogo." Jibu hilo huniuma, kwa sababu ile rasi ya Dingle ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika nchi hii, na uzuri wake mwingi huanza baada ya mabasi kuondoka.

Kwa wasiopajua: Dingle, kwa Kiairishi An Daingean, ni mji wa wavuvi wenye wakazi wapatao elfu mbili, jimbo la Kerry, kusini magharibi. Zaidi ya hapo ni vijiji, milima na Atlantiki. Magharibi ya mji bado Kiairishi ndicho kinachozungumzwa majumbani na madukani, na vibao vingi vya barabarani vimeandikwa kwa lugha hiyo tu. Kwa hiyo kabla hujaondoka jua kwamba Dunquin ya kwenye ramani yako utaikuta kibaoni kama Dún Chaoin.

Mimi hupenda kuzunguka barabara ya Slea Head, kilomita 47 hivi, inayoanzia mjini na kurudi mjini. Anza upande wa kijiji cha Ventry, bahari ikiwa kushoto kwako. Mabasi makubwa nayo huenda hivyo hivyo, na kwenye kona za majabali hakuna nafasi ya kupishana nayo. Njiani kuna vibanda vya kale vya mawe pale Fahan, na mbele zaidi kuna Gallarus, kikanisa cha mawe matupu kilichojengwa bila chokaa wala udongo, umbo lake kama mashua iliyopinduliwa. Wataalamu wanabishana kuhusu umri wake, lakini hata wanaoukadiria mdogo wanasema umepita miaka 800. Niliingia mvua ikinyesha, nikapapasa kuta kwa ndani. Kukavu. Mafundi waliinamisha kila jiwe kidogo kuelekea nje ili maji yateremke, basi. Nilikaa mle mpaka mvua ikakatika.

Haya, waliolala kule, waliotembea, waliokaa na wenyeji, karibuni mtuambie.

Nyar Mfangano

Asante kwa huu uzi. Mimi ni nesi, nafanya kazi hapa Kerry, na nitazungumzia kisiwa cha Great Blasket kwa sababu watu wengi hukitazama kutoka barabarani tu wakapita.

Tulipanda boti kutoka Ventry. Ukifika hakuna gati la maana, unahamishwa kwenye kiboti cha mpira, halafu unapanda mawe yenye utelezi, kwa hiyo vaa viatu vya kushika chini. Juu kuna nyumba za mawe zisizo na mapaa, nyasi, kondoo, na ufukoni sili wamelala kwa makumi. Hakuna umeme. Kijiji hiki kilikuwa na watu zaidi ya mia moja mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengine walisifika nchi nzima kwa kusimulia. Peig Sayers, ambaye masimulizi yake yalisomwa shuleni na vizazi vya Waairishi, aliishi hapa na amezikwa ng'ambo, Dún Chaoin.

Kilichonishika kama nesi ni kisa cha kijana mmoja aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo mwanzoni mwa 1947. Bahari ilikuwa imechafuka, simu ya redio haikufanya kazi, daktari hakuweza kuvuka. Miezi michache baadaye wanakisiwa walimpelekea simu ya maandishi waziri mkuu, Éamon de Valera, wakiomba msaada. Mwezi Novemba 1953 serikali ikawahamisha waliobaki, watu ishirini na kidogo, wengi wao wazee.

Mimi nimezaliwa Mfangano, Ziwa Victoria. Najua mama mjamzito akianza uchungu usiku na ziwa limechafuka familia inakaaje, wanaume wamesimama ufukweni wanatazama maji. Nilipoambiwa kwamba kati ya kile kisiwa na bara ni kilomita mbili hivi tu, nilikaa juu ya ukuta wa nyumba mojawapo nikashindwa kuondoka na kundi. Nendeni Blasket Centre, jumba la makumbusho ya kisiwa hicho, kule Dún Chaoin hata kama boti haziendi. Picha za wale watu zipo, majina yao yapo, na dirishani unakiona kisiwa chenyewe.

Na tafadhali, ufuo wa Coumeenoole ni wa kutazama. Mikondo yake ni mikali hata siku ya jua. Watoto wangu niliwazuia hata maji ya kifundo cha mguu, walinuna, sikujali.

Mtoto wa Ng'ambo

Asalaam alaykum nyote. Da Nyar Mfangano, umeniliza.

Mie natokea Unguja, marehemu babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Niliambiwa Dingle ni baa kila mlango, nikaona si pahala pangu. Mwenyeji wangu kazini akanisisitiza twende, yeye na mkewe na watoto. Kweli baa ni nyingi, na baadhi ni duka na baa kwa pamoja: Foxy John's kaunta moja wanauza misumari na nyundo, ya pili vinywaji. Dick Mack's ilikuwa kwa fundi viatu, na rafu za viatu bado zipo. Lakini niliagiza chai, nikaletewa chai, na hapana aliyenigeukia mara mbili. Wazee wanne wakakaa pembeni na fidla, filimbi, zumari la mfuko na dufu lao wanaloliita bodhrán. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Mmoja anaanza, wengine wanaingia, na baina ya nyimbo wanazungumza habari zao. Halafu bibi mmoja akaimba peke yake kwa Kiairishi, na ukumbi mzima ukanyamaza. Nimelelewa kwenye nyumba ya taarabu, najua watu wanaosikiliza kwa adabu wakoje.

Asubuhi yake nikashuka bandarini. Kuna mashua zao nyembamba, naomhóg, mifupa ya mbao imevikwa turubai na kupakwa lami. Nyepesi mpaka watu watatu wanne wanaibeba mabegani, na ikiwa imepinduliwa hivyo unaiona miguu tu ikitembea. Mzee niliyemkuta akiipaka nikamweleza sisi kalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, tunafanya kwa pamba na mafuta. Akataka kujua mbao gani, msumari gani, nani anafunza vijana. Tulizungumza mpaka lami yake ikaganda ikabidi aipashe tena. Kiingereza changu na chake vyote vilikuwa vya kuvutavuta, lakini chombo kinajieleza.

Chakula: nilishikilia samaki. Vibua, kaa, kome, wote wa siku ile. Na mnaoswali, mkumbuke mwezi Juni jua linakuchwa karibu na saa nne usiku na Alfajiri haiko mbali, pangeni usingizi wenu.

Bwana Shamba, Njombe

Nilikuja Ireland kwa mafunzo ya kilimo, na mwenzetu mmoja akatuendesha Dingle wikiendi. Wengine walitazama bahari, mimi nilitazama milima. Jua la jioni likilala upande, kwenye miteremko unaona mistari imepanda juu kabisa, mahali ambapo leo wanalisha kondoo tu. Nikamuuliza mwenyeji. Akasema ni matuta ya viazi, ya kabla ya njaa kuu.

Ndugu zangu, ugonjwa ulioteketeza viazi vile mwaka 1845 na miaka iliyofuata ni bakajani chelewa, huu huu tunaoupulizia dawa Njombe kila masika. Maskini wa Ireland walikuwa wakitegemea viazi karibu kwa kila mlo, na wengi walipanda aina moja, Lumper, isiyostahimili kabisa. Mashamba mazuri yalikuwa ya makabaila, na nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa nje watu wakifa. Walikufa karibu milioni moja, na zaidi ya milioni wakahama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8, na kisiwa chote hadi leo hakijairudia hesabu hiyo.

Nawafundisha wakulima kila mwaka kuchanganya mbegu, na wengi huona ni maneno ya wataalamu. Nilipiga picha ya yale matuta. Siku hizi ndiyo picha ya kwanza ninayowaonyesha, na maswali yanayofuata ni ya watu walioelewa.

Dereva wa Limerick

Naongeza mawili. Conor Pass, njia ya kuvuka milima kaskazini ya mji, inapanda zaidi ya mita 400 na malori na mabasi yamekatazwa. Gari dogo sawa, ila ukungu ukishuka geuza. Serikali ilinunua ardhi ya pale 2024 iwe sehemu ya hifadhi mpya ya taifa.

La pili: msipite Annascaul bila kusimama. Ndiko alikozaliwa Tom Crean, mtoto wa mkulima, 1877. Alikwenda Antaktika mara tatu. Mwaka 1912 alitembea peke yake kilomita zipatazo 56 kwenye barafu, mfukoni ana biskuti na chokoleti kidogo, kwenda kumtafutia msaada ofisa aliyekuwa mahututi, na ofisa yule akapona. Aliporudi nyumbani akafungua baa, South Pole Inn, na inasemekana hakupenda kuzungumzia mambo yale. Baa ipo na sanamu yake ipo. Mimi hunywa supu pale kila nikipata zamu ya Kerry.

Mama Eldoret

Mimi nilisomeshwa na sista wa Kerry. Alitufundisha hesabu, na siku za mvua alitusimulia bahari ya kwao hadi kengele ikalia. Ndiyo sababu nilipokuja kumtembelea binti yangu nikasema Dingle kwanza. Tuliingia Díseart, iliyokuwa nyumba ya masista wa mji, kutazama vioo vya rangi vya msanii Harry Clarke vya miaka ya 1920. Bluu ile sijaiona kwingine. Nje kuna makaburi ya masista, misalaba myeupe midogo, yote sawasawa.

Baadaye tukamtafuta mwalimu wangu kwenye nyumba ya wazee, mji mwingine. Hakunitambua sura. Nikamwambia jina la shule na mwaka. Akanishika mkono akauliza kwa Kiswahili, "Na mahindi mwaka huu?" Tukazungumza mahindi saa nzima.

Kinondoni

Nimesoma yote. Mimi niko Dar, nataka kuja na mke wangu na mtoto wa miaka tisa. Naanzia wapi?

Mwanzisha uzi

Karibu sana mkuu. Viza ya Schengen haikuingizi Ireland, ni lazima uombe ya Ireland yenyewe, na ombi linaanzia mtandaoni. Ukitaka kupitia Belfast, ile ni Uingereza, viza nyingine. Pesa ni euro. Wanaendesha kushoto kama sisi, na plagi ni zetu zile za pini tatu. Kutoka Dublin kuna treni hadi Tralee, mara nyingi unabadilisha Mallow, kisha basi hadi Dingle. Mtoto anaruhusiwa baa zenye muziki akiwa na wazazi, lakini sheria inamtaka atoke saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Kwa ajili yake nenda pia ufuo wa Inch, mchanga kilomita kadhaa, na umwonyeshe sanamu ya Fungie, pomboo aliyekaa kwenye ile ghuba tangu 1983 hadi alipotoweka Oktoba 2020. Wenyeji wanamzungumzia kama jirani aliyehama, msikilize.

Kinondoni

Na Disemba je? Ndiyo likizo yangu.

Nyar Mfangano

Boti za kisiwani haziendi majira hayo, upepo ni mkali, na kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Lakini tarehe 26 Disemba Dingle ina Wren's Day: watu wamevaa majani makavu mwili mzima, vikundi vinashindana kwa ngoma na filimbi mitaani mpaka usiku. Mtoto atafurahi. Tafuta chumba mapema, mji unajaa wenyeji waliorudi nyumbani Krismasi.